Uzito wa Kwenye Keria

Ukitaka kumkosea mtu wa Njombe, mpite njiani bila kumsalimia. Mkigombania mpaka wa shamba mtapatana, ng'ombe wako akila mahindi ya jirani mtasemana mtamaliza, lakini kumpita mtu mzima bila neno, hilo atalisimulia mpaka kwa wajukuu. Enoki Mlowe alilijua hilo kuliko wengi, maana alikuwa mtu wa barabarani. Enzi hizo za Mwingereza, vita vimeisha na askari wamerudi makwao, yeye ndiye aliyekwenda Makambako kuchukua dawa za zahanati ya misheni na kuzileta Njombe, juu ya pikipiki kubwa nyeusi iliyouzwa na jeshi. Kila aliyekutana naye alipata kamwene yake, salamu ya kwao. Hata wenye mizigo ya kuni kichwani aliwapunguzia mwendo ili wamsikie vizuri.

Ila watu hawakumpendea salamu, tusidanganyane. Walimpendea gurudumu. Siku ya gulio Makambako, akishafunga makasha ya dawa ubavuni, watu walijipanga kando ya barabara wenyewe bila kuitwa. Enoki angeondoka polepole, kofia imefungwa kidevuni, halafu mbele ya wauza maharage gurudumu la mbele lingeacha ardhi na kupanda, likizunguka hewani, na yeye juu yake ametulia tuli, mpaka mwisho wa vibanda. Kina mama walifunika macho ya watoto na kuyaacha ya kwao wazi. Mchungaji alishamkanya kwamba pikipiki ya misheni si ya kuchezea, na Enoki aliitikia vizuri kabisa, kisha gulio lililofuata akafanya tena.

Vijana walidhani ni nguvu. Walikwenda kujaribu kwa baiskeli za baba zao, wakarudi na pua zilizochubuka. Enoki hakuwa mchoyo, aliwaeleza waziwazi. Kwanza pikipiki iende taratibu, gia ya kwanza, kwenye udongo mgumu usio na mchanga. Unafunga mafuta kidogo, pua inainama, springi za mbele zinajibana. Zinapoanza kurudi juu, papo hapo fungua mafuta na urudishe makalio nyuma. "Usivute usukani," aliwaambia. "Mikono inaomba tu. Makalio ndiyo yanayoamuru." Gurudumu likishapanda, kuna mahali pikipiki inakosa uzito kabisa, haitaki kupanda wala kushuka. Hapo mafuta unayapa kidogo kidogo. Na mguu wa kushoto usitoke kwenye breki ya nyuma hata ukimwona malaika, kwa sababu ukipitiliza, breki hiyo peke yake ndiyo itakayokurudisha chini. Ya mbele wakati huo haina kazi, imeshika upepo.

Maneno hayo yote hayakuwa yake. Yalikuwa ya Mika.

Mika alikuwa mtoto pekee wa Mama Idda, mjane wa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Yeye na Enoki walichunga pamoja, wakapata kipaimara siku moja, wakaandikishwa pamoja Keya, jeshi la Mwingereza, na huko jeshini wote wawili wakapewa pikipiki za kupeleka ujumbe. Mika alikuwa na kipaji, basi. Siku ya kwanza alianguka, ya pili akaanguka, kisha akainuka na gurudumu hewani akicheka. Enoki alikuwa mwoga, naye Mika alimfundisha kwa kukaa nyuma yake kwenye keria. Springi zilipoanza kurudi juu, Mika alimgonga bega la kushoto mara mbili na kuegemea nyuma, na uzito wake ndio uliolitoa gurudumu ardhini. Wakati wa kuvuka makorongo alijiinua kwenye keria, ili gurudumu la nyuma lipite jepesi. Abiria wengine hukaa wakazama kama gunia la chumvi. Mika alijua kubebwa.

Alikufa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, kando ya mto, juu ya bomu lililofukiwa njiani. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Enoki alichota udongo wa pale pale ukingoni, akautia kwenye kopo la tumbaku, akaita jina la mwenzake kama alivyofundishwa utotoni.

Maana watu wa kwao walikuwa na utaratibu, na misheni haikuupenda. Aliyekufa ugenini huletwa nyumbani na mtu mmoja. Mletaji huyo hufungwa ukanda wa gome la mti mkononi ili kila anayekutana naye ajue. Hasalimii wala hasalimiwi, hasimami, hageuki nyuma. Akisalimia mtu njiani, ni sawa na kusema amefika, na marehemu anayeletwa hushukia hapo hapo, mahali pasipo pake. Enoki alitoka Bama na ukanda huo. Melini aliutunza, garimoshini aliutunza. Lakini lori la askari lilipokaribia Makambako aliona aibu. Amevaa sare, viatu vinang'aa, ni Mkristo, na wenzake walikuwa wameanza kumtania kuhusu gome la mkononi. Akaukata kwa kisu akautupa.

Pale lori liliposimama alikuwepo Telesia, mama wa makamo aliyeuza ulanzi kwa wasafiri. "Kamwene, mwanangu," akasema Telesia. "Umerudi salama?" Mtu ametoka vitani, hajasikia sauti ya mama wa kwao miaka, mama anamsalimia kwa upole. Enoki akaitikia, tena kwa mikono miwili, akaketi, akanywa ile pombe tamu ya mianzi. Kopo alikuwa ameliweka chini, karibu na mguu wa benchi.

Kesho yake alilifikisha Ramadhani. Majirani walikusanyika, kaburi dogo limeshachimbwa. Mama Idda alilipokea kopo, akalishika kwa viganja vyake viwili, akalisogeza sikioni, akakaa nalo hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Humu hamna mtu," alisema.

Walizika hivyo hivyo. Toka siku hiyo Mama Idda akawa anaweka kigoda cha pili jikoni, upande wa pili wa moto, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Wengine walisema majonzi yamemvuruga. Enoki yeye alijua.

Alipopata kazi ya pikipiki ilikuwa msimu wa ukungu. Nyanda zile za juu zina ukungu wa kushuka mchana kweupe, unaingia barabarani na kukaa, na mtu aliye hatua chache mbele yako unamsikia tu akikohoa. Safari ya kwanza, Enoki alipopita mahali pa Telesia kuelekea Njombe, keria ilizama. Alidhani kasha limefunguka. Akasimama, akakagua, kamba zimekaza, keria tupu. Akapanda tena, na springi za nyuma zikalia tena, taratibu, kwa namna mtu mzima anavyoketi akijipangia miguu. Usukani ukawa mwepesi mikononi. Mtu yeyote aliyewahi kupakia abiria anaujua wepesi ule. Harufu ya tope la mto ikamjia, na huko Makambako hakuna mto.

Mbele kidogo alikutana na mzee mmoja akiswaga mbuzi. Enoki akasalimia kama kawaida yake, na papo hapo uzito ukaondoka.

Ikawa hivyo. Si kila safari, ila kila palipokuwa na ukungu. Uzito uliketi mahali pa Telesia na kwenda naye mpaka salamu ya kwanza, kisha basi. Unaweza kushangaa mtu alivumiliaje. Alivumilia kwa sababu hakutaka kulipa jambo jina. Mkewe Juliana alimwambia aache kazi hiyo, akamjibu kwamba ni ubovu wa springi. Lakini siku moja, mahali penye mteremko, mafuta yamefungwa kabisa, aligongwa bega la kushoto mara mbili. Gurudumu la mbele likapanda lenyewe. Mguu wake wa kushoto haukuwa kwenye breki. Pikipiki ilipitiliza, ikamtupa chali, chupa za dawa zikasagika, na Enoki akalala kwenye udongo mwekundu akiangalia gurudumu la nyuma likizunguka juu ya uso wake. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya mtu anayemfahamu.

Wiki ile ile alipita kwa Telesia kununua mahindi ya kuchoma. Telesia alikuwa amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika, watu aliwaona kama vivuli. Alimsalimia Enoki, wakaulizana habari za nyumbani, nzuri, za watoto, nzuri, za kazi, nzuri. Kisha akageuza uso kuelekea pikipiki iliyokuwa imeegeshwa.

"Enoki, nimekuwa nikitaka kukuuliza," alisema. "Huyo mwenzako nimemkosea nini? Siku zote nawasalimia wote wawili, unajibu wewe tu."

Enoki aliyaacha mahindi yakiungua. Alipanda pikipiki bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda moja kwa moja Ramadhani.

Alimkuta Mama Idda ameketi mlangoni, ameegemea mwimo, miguu imevimba, pumzi fupi. Mganga wa zahanati alikuwa amekwisha kumwambia jirani yake kwamba hana siku nyingi. Kina mama wa kanisani walikuwa wamembembeleza alale kitandani, akakataa. Usiku na mchana alikuwa anakaa pale pale.

"Nikilala nani atamfungulia?" aliwauliza.

Enoki akapiga magoti. Akasema yote: ukanda, kisu, lori, salamu. Akasema habari za mtu anayeketi kwenye keria yake Makambako na kushukia njiani. Alitarajia kufukuzwa.

"Najua," alisema Mama Idda. "Toka uliponipa kopo. Sikukulaumu, mlikuwa watoto. Lakini mimi naondoka, Enoki. Nikiondoka yeye hajafika, atakaa barabarani mpaka lini? Nani tena atakayemwita kwa jina?" Alisimama kwa kujishika ukutani, akaingia ndani, akatoka na ukanda wa gome mpya. Ulikuwa umekwisha kukauka. Inaonekana ulikuwa unamsubiri pale ndani siku nyingi. Akaufunga mkononi mwa Enoki. "Usisalimie. Usisimame. Usigeuke. Mwambie tunakwenda kwa mama."

Asubuhi iliyofuata Enoki alishuka Makambako, na ukungu ulikuwa mzito. Hakufunga kasha lolote. Telesia alisikia injini, akanyoosha mkono kumshika kama kawaida ya wasioona vizuri, vidole vyake vikaingia chini ya mkono wa koti, vikakuta gome. Aligeuka, akampa mgongo, akajifunika kichwa kwa khanga. Wanunuzi wawili waliokuwa pale wakageuka vilevile bila kuuliza.

"Mika," Enoki alisema kwa sauti ya chini. "Twende kwa mama."

Springi zililia. Pikipiki ikazama nyuma, na ubaridi ukamgusa mgongoni kupitia koti. Harufu ya tope la mto ilikuwa kali. Akatia gia, akaondoka.

Sasa fikiria mwenyewe. Barabara ile watu wanamjua kwa jina, kwa sauti ya injini, kwa kofia. Na baridi ile inamlazimu avae koti la jeshi, mikono mirefu, ukanda umefichwa ndani na kupandisha mkono wa koti huwezi ukiwa umeshika usukani wa pikipiki nzito. Wanawake wa kuni walisema kamwene, akapita. Mwalimu wa shule alivua kofia, akapita. Kila salamu ilimchoma. Mdomo wake ulitaka kufunguka wenyewe, akaung'ata mpaka akaonja damu. Nyuma yake aliwasikia wakiulizana amepatwa na nini. Halafu ukungu ukapasuka kidogo, na katikati ya njia akamwona mkwewe, mzee Abrahamu, baba yake Juliana, na fimbo yake na koti lake la Jumapili. Mzee alimtambua, akatabasamu, akanyoosha mkono. Enoki alimkwepa kwa upana wa fimbo na kumrushia tope mpaka kiunoni, akaenda zake. Jambo hilo lilihitaji faini ya beberu mmoja na vikao vya ukoo kulimaliza, na mzee mpaka anakufa aliendelea kulikumbusha.

Uzito ulikuwa bado upo. Alisafiri hivyo, amekaza shingo, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusafiri nao, na polepole hofu ikaanza kuwa kitu kingine. Pikipiki ilikuwa inapinda vizuri. Kila kona, aliye nyuma aliegemea upande unaotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa.

Kisha likaja daraja. Lilikuwa la magogo na mbao, juu ya kijito chenye kingo za kina, na siku hiyo vibarua wa barabara walikuwa wamelibomoa katikati. Mbao zilizooza zimeng'olewa, pengo limebaki wazi, la kumeza gurudumu na kulishikilia. Msimamizi alisimama kando akipunga kitambaa chekundu, akipiga kelele asimame. Enoki aliona pengo akiwa amekwisha kulikaribia. Kusimama ni kumshusha Mika pale, juu ya maji mengine. Kwenda mbele ni kuvunja shingo, na Juliana ana mtoto mgongoni.

Akarudisha gia ya kwanza. Injini ikalia. Akafunga mafuta, pua ikainama.

Bega la kushoto liligongwa mara mbili.

Akafungua. Akarudi nyuma kwa makalio, na mgongo wake ukakuta kifua. Gurudumu likapanda kana kwamba limeitwa, likavuka pengo juu juu, na katika sekunde hiyo, gurudumu la nyuma linakaribia ukingo, uzito wa kwenye keria uliinuka. Ulijiinua wenyewe, kama abiria anayeijua kazi. Gurudumu la nyuma lilipita jepesi, likagonga ukingo wa pili, likapanda. Ndipo uzito ukaketi tena. Enoki alikanyaga breki ya nyuma kidogo, gurudumu la mbele likashuka kwenye mbao kwa upole. Mmoja wa vibarua, miaka baadaye, alikuwa akiapa kwamba waliovuka walikuwa wawili, na yule wa nyuma alikuwa amelowa.

Mama Idda alikuwa mlangoni, amesimama. Enoki alizima injini uani akabaki ametazama mbele, mikono kwenye usukani. Kikongwe akaja, hatua kwa hatua, akampita bila kumtazama. Aliusikia mkono wake ukipapasa nyuma yake.

"Umelowa," Mama Idda alisema. "Una baridi. Umekonda hivi, mwanangu."

Keria ikapanda polepole, springi moja kisha nyingine. Mama Idda alivua blanketi lake la mabegani. Enoki alimwona akielekea mlangoni, mkono mmoja umenyooshwa na kuinuliwa kidogo, kama unavyomshika mtu mrefu kuliko wewe, na blanketi halikuburuzika chini. Kwenye kizingiti aligeuka.

"Salimia sasa, Enoki. Tumefika."

"Kamwene, mama," Enoki alisema.

"Kamwene," alijibu Mama Idda. Na ndani ya nyumba, upande wa moto ambako hapakuwa na mtu, mtu mwingine naye akaitikia.

Mama Idda alilala kitandani jioni hiyo, na kabla ya Jumapili walimzika, mkabala na lile kaburi dogo. Kigoda cha pili kilikutwa karibu kabisa na kitanda, na mguu wake mmoja ulikuwa na tope.

Gulio lililofuata Enoki alishuka Makambako kuchukua dawa. Ukungu ulikuwepo. Watu walijipanga kama kawaida, naye hakutaka kuwanyima. Alifunga mafuta, pua ikainama, springi zikaanza kurudi juu, na bila kujua akasubiri bega lake ligongwe. Halikugongwa. Gurudumu lilipanda hata hivyo, likafika pale pasipo na uzito, na nyuma yake palikuwa wazi, upepo unapita. Watu wakashangilia. Enoki akalishusha mapema, akaegesha pikipiki kwa Telesia, akaketi kwenye benchi lile lile.

"Kamwene, mwanangu," alisema Telesia. Alielekeza uso kwenye pikipiki, akakaa nao pale kidogo. "Leo umekuja peke yako."

"Kamwene, mama. Peke yangu."

"Habari za nyumbani?"

Toka alipotoka vitani ameulizwa hivyo kila siku ya Mungu, na kila siku amejibu nzuri, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Akafungua mdomo kusema nzuri.

"Tumefiwa," alisema Enoki.

"Nasikia. Ni Mama Idda. Pole sana."

"Mika," alisema. "Tumefiwa na Mika." Ndipo akalia, mtu mzima, mbele ya gulio zima, kofia ya pikipiki bado imefungwa kidevuni. Telesia alijisogeza benchini, akamshika mkono, na kuanza kumpa pole tangu mwanzo, kama mtu aliyepata habari sasa hivi.